Katito, Njiani Kwenda Mwanza

Basi la usiku kutoka Mombasa lilitushusha Kisumu kungali na giza, mimi na mwanangu wa kiume, pamoja na furushi la leso, kopo la halua na mfuko wa tende ambao mama aliufunga mafundo matatu ili ufike kwa wifi yake bila kuguswa njiani. Tulisali alfajiri mjini, tukanywa chai, kisha tukaingia katika matatu ya kwenda Katito.

Sisi watu wa Pwani tukiitaja Kisumu huwa tunalifikiria ziwa peke yake. Lakini njia ya kwenda Katito hulipa ziwa kisogo. Gari hukata uwanda wa Kano, nchi tambarare mno, yenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito mara tu mto Nyando unapofurika. Karibu na Ahero utaona majaruba ya mpunga na ndege weupe wakitembea ndani yake kwa hatua za taratibu kana kwamba wanayakagua. Hapo barabara huacha njia ya Nairobi na kuelekea kusini, na mbele yako vinaanza kuinuka vilima vya Nyabondo. Katito iko chini ya vilima hivyo, katika nchi ya Nyakach. Ni mji wa njia panda: barabara moja huendelea Sondu, Kisii, Migori hadi mpakani Isebania, nyingine huchepuka mkono wa kulia kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Kuna soko, kuna bodaboda zisizohesabika, kuna akina mama wenye mafungu ya omena na nyanya. Msafiri asiye na mtu wake hapo hupita bila kugeuza shingo.

Mimi nina mtu wangu. Ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mzaliwa wa Mtongwe, ambaye umri wake sasa unakaribia miaka themanini. Ana chumba cha mbele anachouzia leso, sabuni na mafuta ya nazi, na chumba cha nyuma anacholala. Mlango wa mbele unatazama barabara kuu. Nilipokuwa mdogo nilidhani aliichagua nyumba ile kwa ajili ya biashara.

Alitupokea kwa salamu ndefu. Nikambusu mkono, akamkumbatia mwanangu na kumwuliza kama bado anaogopa kuku, ingawa kijana ana ndevu. Alikuwa ametoka eda siku tisa tu kabla ya sisi kufika. Miezi minne na siku kumi aliikaa ndani ya chumba kile cha nyuma, na duka likashikwa na mjukuu wake. Tulikuja kwa sababu aliniita kwa simu na kuniambia neno moja: “Njoo unifikirishe.”

Ili msomaji afahamu alichotaka tukifikirie, itabidi nirudi nyuma, na nirudi kwa njia ya vyombo vya majini, maana maisha ya shangazi yangu yalichukuliwa na vyombo hivyo tangu mwanzo.

Mtongwe, kwa wasioijua, ndiko iliko kambi ya jeshi la wanamaji la Kenya. Jeshi hilo lilipozinduliwa Desemba 1964 halikuwa na meli iliyoundwa kwa ajili yake. Uingereza iliikabidhi Kenya chombo cha doria kilichoitwa Aberford, kikapakwa jina jipya, Nyati. Watoto wa Mtongwe wa enzi hiyo walilijua jina la Nyati kabla ya kujua majina ya mawaziri. Shangazi alikuwa msichana mkubwa, na husema kilichomshangaza ni wepesi wa jambo lenyewe: jana bendera ile, leo bendera hii, na mlingoti ni ule ule. Desturi hiyo haijaisha. Mwaka 2011 Ufaransa iliipa Kenya meli yake ya doria iliyokuwa ikikaa kisiwa cha Réunion. Kwa Kifaransa iliitwa La Rieuse, yaani “mwanamke mwenye kucheka”. Sisi tukaiita Harambee. Nilipomsimulia shangazi hayo alicheka kweli, akasema wanaume wangemwachia bibi yule jina lake.

Mume wake hakuwa askari. Alikuwa kijana wa Kijaluo, Mwislamu wa Kendu Bay, ambako Uislamu una mizizi ya siku nyingi na ambako meli za ziwani zilikuwa zikitia nanga kuchukua abiria na mizigo. Aliletwa Mombasa kujifunza kazi ya injini za meli, akasali msikiti mmoja na babu yangu, na mambo mengine yakafuata kwa utaratibu wake: posa, mahari, nikahi. Mwaka 1968 shangazi alipanda treni kwenda Kisumu akiwa na sanduku moja na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo huko hakupata nazi za kuikunia.

Hapa niruhusiwe kumtaja mkwewe, yaani baba wa mume, kwa sababu bila yeye habari hii isingekuwapo. Mzee yule alikuwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wote wa Nyanza waliliita Keya, na mwaka 1942 alivuka bahari kwenda Madagaska. Uingereza ilikuwa inahofia Wajapani wasije wakaweka manowari zao katika bandari za kisiwa hicho, kilichokuwa mikononi mwa serikali ya Kifaransa ya Vichy. Mwezi wa Mei walishambulia Diego Suarez, kaskazini. Septemba wakateremka Majunga, magharibi, na Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa vikosi vilivyopita hapo kuelekea bara. Vita vilikwisha Novemba ya mwaka huo huo.

Mzee hakupenda kusimulia risasi. Alichosimulia, na alikisimulia hadi uzeeni, ni vyombo alivyoviona Majunga. Vyombo vya sitimu alikuwa amevizoea tangu utoto pale Kendu Bay. Hivyo vilihitaji gati. Hivi vingine havikuhitaji chochote. Vilikuja moja kwa moja hadi mchangani, vikafungua mdomo, na kutoka ndani zikateremka lori na watu. Yeye alikiita chombo kama hicho nyang', yaani mamba kwa Kijaluo.

Nimekuwa nikiviona vyombo vya namna hiyo kule kwetu kwa miaka mingi, maana wanamaji wetu wanavyo viwili, Tana na Galana, vilivyojengwa Hispania, na siku zote nilidhani ni meli mbaya tu, isiyo na sura. Kumbe sura ile ina sababu zake. Chini ni bapa kama sinia, ili kisame kidogo majini na kiweze kusogea hadi kwenye maji ya magotini. Mbele hakina pua kali ya kupasua mawimbi. Kina mlango unaolala chini ukawa daraja. Nahodha anapokaribia ufuo huangusha nanga ya nyuma mapema, kisha husonga hadi chombo kiguse mchanga. Mzigo ukishatoka chombo huwa chepesi, nacho hujivuta kwa nanga ile ile na kurudi kilindini. Nahodha aliyesahau nanga hiyo hubaki ameganda mchangani mpaka maji yajae. Baharini chombo hicho huyumba vibaya, na abiria wake hutapika. Ufuoni hakina mshindani. Visiwa na vijiji visivyo na gati, au vilivyokatiwa barabara na mafuriko, hufikiwa na chombo cha aina hiyo kabla ya kufikiwa na kingine chochote.

Na kuna jambo ambalo mzee hakulijua, ila naamini lingemfurahisha. Waingereza walipoanza kutafuta meli kubwa ya kuteremsha vifaru ufuoni hawakuwa nayo. Walichukua meli tatu za mafuta, Bachaquero, Misoa na Tasajera, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambako maji mlangoni ni machache na meli lazima iwe na kina kifupi. Wakazikata pua, wakazitia milango. Bachaquero ilikuwepo Diego Suarez mwezi ule wa Mei 1942. Kwa hiyo chombo kilichozaliwa kwa ajili ya ziwa kilikwenda kuteremsha vita kwenye Bahari ya Hindi. Mzee wa Kendu Bay, ambaye naye alitoka ziwani na kwenda kupigana baharini, angepata mwenzake.

Madagaska yenyewe baadaye ikapata nyang' wake. Mwaka 1985 Ufaransa iliiachia chombo chake kimoja cha kuteremshia, kilichokuwa kimetumika miaka kama ishirini katika jeshi lake. Wamalagasi walikiita Aina Vao Vao, maana yake “uhai mpya”. Mzee alikuwa hai bado, na laiti mtu angemsomea habari hiyo.

Basi, hizo ni meli za vita. Lakini pigo la shangazi yangu lilitoka kwa meli za amani.

Ziwa Viktoria halina mlango wa bahari. Kila meli kubwa ya Waingereza iliyowahi kuelea humo ilikuja vipande vipande: ikaundwa Uingereza, ikavunjwa, ikapakiwa, ikateremshwa bandarini kwetu Mombasa, ikabebwa na treni hadi Kisumu na kuunganishwa upya. Ndivyo ilivyokuja Winifred mwanzoni mwa karne iliyopita, na ndivyo ilivyokuja Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961. Wakati wa vita vya kwanza meli hizo za abiria zilitiwa mizinga. Juni 1915 zilibeba askari kutoka Kisumu na kuwateremsha karibu na Bukoba, mji uliokuwa wa Wajerumani, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo. Mpaka wa nchi mbili, kwa hivyo, ulikwisha kupita katikati ya ziwa zamani hizo, ila baada ya vita watu walisahau.

Shangazi anapoieleza Kisumu ya miaka ya mwanzo ya ndoa yake, huieleza kama mji wenye milango mitatu. Reli, bandari na meli vilikuwa vya nchi tatu kwa pamoja. Mumewe alikuwa chumba cha injini cha Victoria. Leo yuko Mwanza, keshokutwa Bukoba, wiki ijayo Port Bell, Ijumaa nyumbani. Akirudi kutoka Bukoba huleta ndizi na kahawa ya kutafuna. Kulikuwa na meli mbili pacha zilizobeba mabehewa mazima ya treni ndani yake, moja ikiitwa Umoja na nyingine Uhuru. Mwanamke aliyeolewa na baharia wa ziwani, asema shangazi, alikuwa na raha kuliko aliyeolewa na baharia wa Mombasa, kwa sababu ziwa lina mwisho.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na umri wa miaka kumi, ikafa mwaka huo. Ndege zikagawanywa, reli zikagawanywa, na meli pia. Victoria ikawa ya Tanzania. Umoja ikawa ya Tanzania. Uhuru ikabaki Kenya. Sijui kama kuna mtu aliyekaa akayafikiria majina hayo wakati ule. Watu walikuwa na mengine ya kuwashughulisha.

Wafanyakazi walitakiwa kwenda kila mmoja kwao. Mume wa shangazi alikuwa na kwao kuwili: baba Kendu Bay, na mama Shirati, ng'ambo ya mpaka. Meli ilikuwa Mwanza, naye alikuwa ndani yake. Akachagua kubaki na meli. Sitamhukumu marehemu. Alikuwa fundi aliyejua injini moja vizuri kuliko mtu yeyote, na alimwandikia mkewe amfuate na watoto wote wawili. Barua hiyo ilifika baada ya miezi mitano, imezunguka kwa jamaa wa Shirati kupitia njia za panya.

Shangazi hakwenda. Sababu anayoitoa ni moja, na hajawahi kuiongeza: mkwewe, mzee wa Keya, alikuwa ameanza kupofuka, na hakuna mwingine wa kumwongoza hadi msikitini. “Ningemwachia nani?” Basi akarudi Kendu Bay na watoto, akafungua biashara ya mandazi, akamsikiliza mzee akisimulia nyang' kwa mara ya mia. Kulikuwa na miaka ambayo pesa zilifika mara moja, na miaka ambayo hazikufika. Alipokwenda kwa kadhi, alielezwa haki yake ya kuomba faskhi kwa mume asiyeonekana wala kuleta nafaka. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akarudi kukanda unga. Mimi nimewahi kumwuliza kama alijuta. Akanijibu kwamba swali hilo ni la mtu aliyeshiba.

Mwaka 1980 ilikuja barua nyingine. Alikuwa ameoa Mwanza.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Nchi tatu hizo zilikuwa zimemweka mpatanishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, apime mali na madeni, nani achukue nini na nani amlipe nani, na mkataba wa mwisho haukutiwa saini hadi Mei 1984. Miaka saba kugawana urithi wa maiti mmoja! Wiki chache baada ya mpaka kufunguliwa, mume wa shangazi alisimama mlangoni Kendu Bay, na mkononi ameshika kitoto cha kike cha miaka miwili. Shangazi alimchukua mtoto, akamkogesha, akampa uji. Mume hakupewa neno hata moja kwa siku tatu. Siku ya nne mzee aliwaita wote wawili, na yaliyosemwa huko ndani shangazi hayatoi. Tangu hapo ndoa ikaendelea kwa namna yake: mwezi mmoja huku, miezi kadhaa kule. Watoto wakamjua baba yao.

Mzee alipofariki, shangazi alihamia Katito. Kendu Bay ni mji mzuri na una Waislamu wenzake, na karibu yake kuna ziwa dogo la Simbi, ambalo Wajaluo husema ni kijiji kilichozama kwa kumnyima bikizee mahali pa kulala, akaokoka mwanamke mmoja tu aliyempokea. Lakini mabasi ya kutoka Kisumu kwenda Mwanza hayakuwa yakipita Kendu Bay. Yalipita Katito. Ndipo nikafahamu kwa nini nyumba ile inatazama barabara. Makondakta wa mabasi hayo ndio waliokuwa posta yake na benki yake. Alijua zamu zao, watoto wao, na nani kati yao ni mwaminifu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Shangazi alisikia kwa redio ya jirani. Mumewe hakuwa fundi wa meli hiyo, lakini mafundi walisafiri kwa meli yoyote. Alisimama kando ya barabara tangu asubuhi akisimamisha kila basi litokalo kusini. Watu wa Katito bado wanaikumbuka siku ile. Muuza miwa mmoja alinisimulia bila kujua kwamba mimi ni jamaa yake. Siku ya tatu kondakta alitupa karatasi dirishani bila basi kusimama. Ilikuwa na mwandiko wa mwanamke: “Dada, yuko salama. Alikuwa nyumbani.” Aliyeandika alikuwa mke mwenzake. Hawakuwa wamewahi kuandikiana kabla ya hapo.

Karatasi hiyo alinionyesha safari hii kwa mara ya kwanza. Ameiweka pamoja na picha ya mkwewe akiwa amevaa sare ya Keya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Marehemu alifariki Mwanza mwanzoni mwa mwaka, akazikwa siku hiyo hiyo, kama ipasavyo. Shangazi alipata habari kwa simu ya binti yule aliyepewa uji. Akaingia eda Katito; mwenzake akaingia eda Mwanza. Wakatoka siku moja. Jioni ya siku ile mke mwenza akapiga simu mwenyewe. Kuna nyumba Mwanza, vyumba vinne na uwanja mdogo, na kuna akiba kidogo. Kisheria mambo yanajulikana: marehemu ana watoto, kwa hiyo thumni ni ya wake, nao ni wawili, wanagawana thumni hiyo sawa. “Njoo dada,” alisema, “mimi siwezi kukaa juu ya haki yako.”

Mtu wa mbali atasema mama huyo amefanya uungwana, na kilichobaki ni nauli. Shangazi hakuona hivyo. Usiku kucha alinieleza hofu yake. Kwa miaka arubaini na ushei watu wa kule wamemjua kama mke wa Kenya asiyekuja. Hakuja kuuguza, hakuja kuzika, aje leo kugawa? Nyumba ile ilijengwa na mwenzake kwa matofali aliyoyasimamia yeye. Na bado, akisusa, je, si atakuwa anawanyima wanawe jina la baba yao, na pia kumtupia mwenzake wema wake usoni?

Nilimwambia ninavyoona: fungu ni haki aliyoigawa Mwenyezi Mungu, si sadaka ya mtu, na akishalishika ana hiari ya kulisamehe au kumpa amtakaye. Lakini lisamehewe likiwa mkononi; kulikimbia ni jambo jingine. Mwanangu, ambaye tulidhani amelala, akatia neno kutoka kwenye mkeka kwamba kuzuru kaburi hakuhitaji ruhusa ya nyumba. Shangazi akamwambia alale.

Siku iliyofuata tulikwenda Kisumu kununua dawa zake za presha, akataka apitishwe bandarini. Pale kazi zimerudi. Kiwanda cha meli sasa kiko chini ya kampuni ya serikali iliyo mikononi mwa Wizara ya Ulinzi, na meli mpya, Uhuru II, imeunganishwa hapo hapo. Ile Uhuru kongwe nayo ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi, ikawa inapeleka mafuta Uganda. Nilimweleza kuwa wanamaji wa Mtongwe wana mkono katika kazi hizo. Akatazama maji, na lile gugu lililoyafunika kama zulia, akasema, “Mtongwe imenifuata, basi. Imechelewa.” Kisha akauliza habari za Victoria. Nikamjibu kwamba Watanzania wameikarabati, tangu mwaka 2020 imerudi njia yake ya Mwanza na Bukoba, na imeongezewa jina: New Victoria Hapa Kazi Tu. Jina hilo alilirudia mara mbili, polepole. Hakulipenda.

Jumatano asubuhi alikuwa amevaa buibui lake na sanduku liko mlangoni. Hakutueleza ameamua nini usiku. Alimwagiza tu mjukuu wake avae viatu, kwa kuwa ndiye atakayesafiri naye. Ndani ya sanduku alitia leso mbili za doti mpya kutoka furushi letu, moja yake na moja ya mwenzake, kopo la halua ambalo halikufunguliwa, na ile picha ya mzee. Picha, alisema, ni ya binti wa Mwanza, kwa sababu hajawahi kumwona babu yake. Tende alituachia za kula njiani, na naomba mama asisome hapa.

Basi la Mwanza lilichelewa saa nzima. Lilipofika, kondakta alishuka mwenyewe, akamwita “mama” na kumbebea sanduku. Kumbe ni mtoto wa kondakta wa zamani. Shangazi aliketi kiti cha dirishani upande wa kulia, akatupungia mkono mara moja, basi likashika njia ya Sondu.

Sisi tulirudi Mombasa usiku ule. Ijumaa baada ya sala alinipigia simu kutoka Mwanza. Wamezuru kaburi. Amepikiwa sangara kwa nazi, na nazi ilikuwa kidogo mno. Leso zimependwa. Habari ya nyumba bado haijaguswa. Watakaa Jumatatu pamoja na watoto wote, na sheikh wa hapo ataandika.

“Na meli umeiona?” nikamwuliza.

Alisema iko safarini Bukoba, hurudi kesho.